Bloku Iliyojazwa Saruji Barabarani: Pesa Yako Ianzie Wapi?

Katika soko la injini zilizotumika Marekani kuna aina moja ya tangazo linalowavuta wengi: V8 ya Chevrolet yenye ujazo wa inchi 350 au 400, krankshafti imara, pistoni za kufuliwa, hedi za alumini, na bei isiyofika nusu ya gharama ya kuijenga upya. Mwisho wa tangazo kuna maneno machache: bloku imejazwa. Muuzaji alikuwa akishindana mbio fupi za robo maili. Mnunuzi anataka gari la kumpeleka kazini siku za wiki na uwanjani Jumamosi. Kabla ya kutoa pesa anauliza swali la haki: nikikwama kwenye foleni mchana wa Julai, itachemsha?

Inaweza isichemshe. Tangu mwaka 2005 mashindano ya Drag Week yanayoandaliwa na jarida la Hot Rod yamewataka washiriki wakimbize magari yao uwanjani, kisha wayaendeshe wenyewe kwa barabara za kawaida hadi uwanja unaofuata, takriban maili 1,000 kwa wiki moja. Injini za nguvu kubwa zimeshathibitisha kwamba zinaweza kuvumilia barabara. Lakini bloku iliyojazwa ina tabia yake, na asiyeijua hutumia pesa nyingi mahali pasipo na tatizo. Wengi hukimbilia rejeta kubwa, ilhali joto lililozibiwa njia ya maji limehamia kwenye oili. Makala hii inapanga matumizi kwa utaratibu: kipi kinunuliwe kwanza, kipi kisubiri, na wakati gani ni busara kuiacha injini hiyo na kutafuta nyingine.

Bei nitakazotaja ni makadirio ya maduka ya spea ya Marekani kwa dola, bila kodi wala usafirishaji.

Saruji inafanya nini ndani ya bloku

Bloku ya kiwandani ilitengenezwa kwa ajili ya gari la kawaida. Ukiiboa ili iingie pistoni kubwa, ukuta wa silinda unakuwa mwembamba. Ukiongeza mgandamizo au naitrasi, ukuta huo unatikisika, silinda inapoteza uduara wake, ringi zinaacha kuziba vizuri, na mwisho ukuta unaweza kupasuka. Dawa ya bei nafuu ni kumimina kwenye jaketi la maji mchanganyiko wa saruji na chembe za chuma, kama ule unaouzwa kwa jina la Hard Blok au ule wa Moroso. Ukikauka unazishika silinda kwa nje na kuzifanya ngumu. Mfuko wa kujaza nusu bloku hugharimu takriban dola 60 hadi 120. Ndiyo maana mkimbiaji mwenye mfuko mdogo huupenda.

Fundi makini hufunga kepu za beringi kuu kwa nguvu yake kamili kabla ya kumimina, kwa sababu bloku inaweza kujipinda kidogo wakati saruji inakauka. Kuboa na kuhoni hufuata baadaye. Kazi ikiisha hairudi nyuma: saruji iliyokauka ndani ya bloku haitoki kwa njia yoyote ya maana.

Sasa fikiria joto. Katika injini ya petroli, kwa hesabu ya jumla ya mafundi, theluthi moja ya nishati ya mafuta inakuwa kazi, theluthi inatoka na moshi, na theluthi inabebwa na maji ya kupozea. Joto kali zaidi liko juu: chumba cha mwako, njia za moshi kwenye hedi, na sehemu ya juu kabisa ya silinda. Ndiyo sababu bloku iliyojazwa upande wa chini tu inaweza kuishi barabarani, maana maji bado yanapita panapowaka moto. Sehemu ya chini ya silinda iliyozungukwa na saruji nayo inatoa joto, na joto hilo linafuata njia iliyobaki, yaani oili inayorushwa na krankshafti chini ya pistoni.

Pima kabla ya kulipa

Kuna viwango vitatu vya kujaza, na tofauti yake ni tofauti ya maisha ya injini.

Kiwango cha kwanza ni kujaza hadi chini ya matundu ya pampu ya maji yaliyo mbele ya bloku. Hiki ndicho kinachofaa barabarani, kwa masharti yanayofuata hapa chini.

Cha pili ni saruji iliyopanda juu ya ukingo wa chini wa matundu hayo. Maji yanaingia kwa shida na nafasi yaliyobakiwa nayo ni ndogo. Gari litakupeleka kwenye maonyesho ya magari Jumapili na kukurudisha, lakini siyo safari ya saa mbili wala foleni ya jioni.

Cha tatu ni kujaza hadi deki, pale hedi inapokalia. Hapa maji, kama yapo, yanapita kwenye hedi tu. Mbio za robo maili ni mita 402. Injini hubanwa kwa sekunde chache, kisha hupozwa hadi zamu inayofuata. Kwa kazi hiyo inafaa sana. Kwa barabara haifai, na hakuna rejeta ya bei yoyote itakayobadilisha hilo, kwa sababu rejeta hupoza maji na ndani ya bloku hakuna maji.

Kujua uko kiwango kipi ni kazi ya dakika chache. Fungua pampu ya maji. Mulika tochi kwenye tundu la upande mmoja wa bloku, kisha ingiza waya mgumu uliokunjwa ncha na ukwaruze kuelekea chini. Ukigusa kitu kigumu cha kijivu chini kidogo ya ukingo wa tundu, umepata nusu. Ukikikuta katikati ya tundu, saruji imepanda mno. Rudia upande wa pili, maana saruji iliyomiminwa bloku ikiwa imelala upande hukauka ikiwa na mteremko. Hedi zikiwa zimefunguliwa ni rahisi zaidi: shusha waya kwenye tundu la maji la deki hadi ugote, weka alama kwa kidole, pima kwa rula.

Muuzaji akikataa pampu isifunguliwe, hesabu kwamba saruji imefika deki na utoe bei ya injini ya uwanjani peke yake.

Jambo moja zaidi kwa wanaoishi kwenye baridi kama Minnesota au Ohio. Plagi za kumwagia maji zilizo chini ya bloku kwa kawaida huzikwa na saruji, kwa hiyo maji yaliyobaki juu yake hayamwagiki yote. Maji matupu yakiganda humo yatapasua bloku uliyojaza ili isipasuke. Msimu wa baridi weka kuulanti yenye kinga ya barafu.

Oili kwanza

Kitu cha kwanza kununua ni geji ya joto la oili, dola 50 hadi 90 pamoja na sensa yake. Magari mengi ya mbio fupi yana geji ya presha ya oili na ya joto la maji tu. Bila geji ya tatu utaendesha ukiona maji yako kwenye nyuzijoto 85 huku oili inaungua. Oili ndani ya sampu inapendeza ikiwa kati ya nyuzijoto 95 na 115 za Selsiasi. Ikikaa juu ya 130 kwa muda mrefu inakuwa nyepesi, presha inashuka, na beringi ndizo zinazolipa.

La pili ni oili yenyewe. Oili ya sintetiki huvumilia joto kuliko ya kawaida, na kwa lita saba au nane pamoja na filta utalipa takriban dola 60 hadi 90. Kwa injini iliyojazwa, hapa si mahali pa kubana matumizi.

La tatu ni kipoza oili. Chagua cha sahani zilizopangwa badala ya kile cha bomba lililozungushwa mapezi. Cha sahani hutoa joto zaidi kwa ukubwa uleule. Seti yenye adapta ya kukaa kati ya filta na bloku, mipira na viunganishi hugharimu dola 250 hadi 450. Sisitiza adapta yenye thermostati ndani yake. Bila hiyo, asubuhi ya baridi oili haitafika joto la kutosha kukausha unyevu uliomo, na oili yenye maji inaharibu beringi polepole bila kukupa dalili.

La nne, ukiwa na nafasi chini ya gari, ni sampu kubwa ya lita saba hivi pamoja na kinyonyeo chake, dola 200 hadi 350. Oili nyingi inachelewa kupata moto na inapata muda wa kupumzika kabla ya kupandishwa tena. Lakini sampu kubwa haiondoi joto jinsi kipoza kinavyoliondoa. Pesa ikitosha kimoja tu, nunua kipoza.

Gari linachemsha wapi? Jibu hilo kabla ya rejeta

Soma geji zako kwa makini, zitakuambia pesa iende wapi.

Maji yakipanda ukisimama na kushuka ukianza kwenda, tatizo ni hewa au taimingi. Tazama feni na kava lake. Feni ya mkanda yenye klachi, pamoja na kava linalofunika rejeta nzima, hugharimu dola 130 hadi 230 ikiwa mpya, na kwa gari la mtaani ni chaguo lisilosumbua. Mapanga yakae nusu ndani ya kava na nusu nje. Feni bila kava inavuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta. Wanaopenda feni ya umeme huitafuta kwenye magari yaliyokatwa, hasa ile ya Ford Taurus yenye V6 ya lita 3.8, ambayo wajenzi wa magari wameiamini kwa miaka mingi. Inaweza kupatikana kwa dola 40 hadi 80. Usihesabu feni peke yake, ingawa: inakula zaidi ya ampea 30, kwa hiyo ongeza rilei, nyaya nene na mara nyingi altaneta kubwa ya dola 120 hadi 200. Ukijumlisha, ile rahisi imeipita bei feni ya mkanda.

Maji yakipanda ukiwa barabara kuu na kutulia mjini, hewa si tatizo, maana gari likishakwenda upepo wenyewe unatosha. Hapo tazama mtiririko wa maji, ukubwa wa rejeta na mizunguko ya injini. Anza na vitu vya bei ndogo. Mpira wa chini wa rejeta usio na springi ndani hunywea pampu inapovuta kwa nguvu. Na puli: wakimbiaji hufunga puli ndogo kwenye krankshafti ili pampu izunguke polepole na nguvu chache zisipotee. Uwanjani ni sawa, barabarani maji yanatembea kivivu. Puli za ukubwa wa kiwandani ni dola 50 hadi 100.

Maji yakitulia na oili ikipanda, ni saruji inayosema. Rudi kwenye kipoza oili, wala usimsikilize anayekuuzia rejeta.

Rejeta, pampu na thermostati

Ukishathibitisha kwamba rejeta ni ndogo, chaguo kuu ni mbili. Rejeta ya alumini ya safu mbili zenye mirija ya upana wa inchi moja, isiyo ya jina kubwa, ni dola 180 hadi 300. Zenye sifa, zilizochomelewa kwa uangalifu na kupimwa presha, ni dola 400 hadi 800. Tofauti utaiona kwenye maungio ya tangi na mirija, ambako za rahisi huanza kuvuja. Rejeta ya zamani ya shaba yenye safu nne bado inafanya kazi na inazibika kwa risasi katika gereji ndogo, faida ambayo ya alumini haina. Kama unayo na haijaziba, ioshwe kwanza.

Pampu ya maji yenye mtiririko mkubwa, inayozungushwa na mkanda, ni dola 100 hadi 200 na inatosha. Pampu za umeme za mashindano zimegawanyika: ndogo zilitengenezwa kwa ajili ya kupoza injini kati ya zamu, hazifai safari ndefu; kubwa zinazofaa barabarani ni dola 300 hadi 500. Ukiinunua injini ikiwa na pampu ndogo ya umeme, weka bei ya pampu nyingine kwenye hesabu tangu mwanzo.

Thermostati ni dola 10 hadi 20 na inaleta ubishi kuliko bei yake. Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki gari likichemsha dawa ya kwanza ni kuitoa, na mafundi wengi wa mbio Marekani nao huitoa. Kwenye bloku iliyojazwa usifanye hivyo. Thermostati inaweka kizuizi kidogo kinachojenga presha ya maji ndani ya bloku na hedi, na presha hiyo inazuia mapovu ya mvuke kujificha pembeni mwa silinda. Nafasi ya maji ikiwa imepunguzwa, povu moja linatosha kuacha sehemu ya ukuta bila maji. Funga ya nyuzijoto 71 au 82. Ukikosa, tumia bamba lenye tundu dogo lililotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kwenye 400 kumbuka pia matundu ya mvuke. Bloku hiyo, iliyotengenezwa 1970 hadi 1980, ina silinda za milimita 104.8 zilizoungana bila maji kati yake, na deki yake ina matundu madogo ya kutolea mvuke. Hedi na gasketi lazima ziwe na matundu hayo.

Kifuniko cha presha cha psi 15 au 16 ni dola 10 hadi 20. Maji matupu yakiwa kwenye presha ya psi 15 huchemka karibu na nyuzijoto 120 badala ya 100. Maji hubeba joto vizuri kuliko kuulanti, kwa hiyo penye joto la mwaka mzima, iwe Mombasa au Muscat, mchanganyiko wenye maji mengi na dawa ya kuzuia kutu unafaa. Viwanja vingi vya mbio Marekani pia vinakataza kuulanti ya glaikoli kwa sababu ikimwagika inatelezesha njia.

Vinavyopoza bila kuonekana kama vipoza

Taimingi ni ya kwanza. Distributa za mashindano mara nyingi hazina kiongezi cha vakyumu. Injini ikisimama kwenye taa na cheche zikichelewa, mafuta yanaungua mpaka kwenye njia za moshi na hedi inapata moto bure. Kama distributa yako inakubali kiongezi, ni dola 30 hadi 60. Kubadilisha distributa nzima ni dola 150 hadi 350, na mara nyingi kunatuliza geji kuliko rejeta ya bei hiyohiyo.

Ya pili ni giaboksi ya otomatiki. Konveta ya mashindano inateleza sana kwenye mwendo mdogo na kuchemsha oili yake. Oili hiyo ikipozwa ndani ya rejeta, joto lote linaingia kwenye maji ya injini. Kipoza cha peke yake ni dola 60 hadi 120. Kwa bei yake, ni vigumu kukishinda.

Ya tatu ni difu. Ukiwa na difu ya 4.56, tairi za kipenyo cha inchi 28 na gia ya juu ya moja kwa moja, kilomita 100 kwa saa zinataka mizunguko karibu 3,400 kwa dakika. Kwa difu ya 3.42 ni karibu 2,550. Kila mzunguko uliopungua ni joto lililopungua, katika oili hasa. Kubadilisha gia za difu pamoja na kazi kunaweza kufika dola 500 hadi 900.

Bajeti tatu

Dola 300 hivi: geji ya joto la oili, oili ya sintetiki na filta, thermostati, kifuniko cha presha, puli za kawaida, kiongezi cha vakyumu. Hii ni lazima kwa kila mtu, na kwa mwenye bloku ya nusu anayeendesha safari fupi inaweza kumtosha.

Dola 900 hadi 1,000: yote ya juu, pamoja na kipoza oili chenye thermostati, kipoza cha giaboksi, na feni ya mkanda yenye kava kamili. Kwa maoni yangu hapa ndipo wengi wanapaswa kuishia, wakiwa na rejeta nzima iliyooshwa.

Dola 1,700 hadi 2,000: ongeza rejeta nzuri ya alumini, pampu ya mtiririko mkubwa na sampu kubwa. Ni ya mtu wa safari ndefu au wa nchi ya joto, au anayeisafirisha injini kwenda Dar es Salaam au Nairobi, ambako foleni ni ya kila siku na spea za namna hii huagizwa kutoka mbali.

Wakati wa kuiacha

Ukifika dola 2,000, simama na ulinganishe. Bloku ya 350 iliyotumika, isiyojazwa, ni dola 200 hadi 500, na kazi ya mashine inaweza kufika dola 1,000. Kwa injini ya nguvu za farasi 400 hadi 450 haihitaji saruji kabisa, ilimradi kuta zake zipimwe unene kwa mawimbi ya sauti kabla ya kuboa. Bloku mpya ya chuma kutoka kwa watengenezaji kama Dart ni takriban dola 2,500 hadi 3,500 kabla ya kazi ya mashine. Kuta zake ni nene tangu kiwandani, na jaketi lake lote ni la maji. Anayelenga nguvu kubwa na barabara kila siku atafikia bei ya bloku hiyo hata hivyo, baada ya kununua vipoza vya kufidia saruji.

Kwa hiyo, bloku iliyojazwa nusu inunue kama bei yake, ukijumlisha dola 1,000 za kuipoza, bado iko chini ya kujenga injini safi. Iliyojazwa juu ya matundu ya pampu, mpe muuzaji bei ya injini ya Jumapili. Iliyojazwa hadi deki, chukua krankshafti, pistoni na hedi kama zinafaa, na bloku mwachie mwenye uwanja. Na popote utakapoangukia, geji ya joto la oili ifungwe kabla injini haijawashwa mara ya kwanza.